Kimya cha Mama Rukia

Katika Dongobesh nzima, kule Mbulu, enzi zile za Mwingereza, hakuna mtu aliyejua kugombeza watu kama Mwanaamina binti Hatibu. Hakuwa mkorofi. Mkorofi hugomba kwa sababu ana hasira. Yeye aligomba kwa sababu aliona mambo yanakwenda kombo na hakuwa na subira ya kungoja yajinyooshe yenyewe. Alikuwa na hoteli karibu na uwanja wa mnada, kibanda cha miti na udongo chenye mabenchi mawili na birika moja kubwa jeusi. Alfajiri alikaanga maandazi ya ngano, mchana akapika makande, na kila aliyeingia alilishwa na kusemwa kwa wakati mmoja. Aliyeingia na matope alisemwa. Aliyetoka bila kumaliza chai alisemwa. Siku moja Bwana Shauri mpya, yule afisa wa Kizungu wa wilaya, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kichanga, alishuka garini akaikanyaga ngano iliyoanikwa kwenye mkeka. Mwanaamina alimwambia kwamba ikiwa huko kwao watu hutembea juu ya chakula cha wenzao, basi ajue hapa si kwao. Karani wake alifikiri kidogo, kisha akamtafsiria kwamba mama huyu anamkaribisha kwa moyo wote. Bwana Shauri akavua kofia, akashukuru sana.

Mumewe, Bashiri, alikuwa fundi cherehani. Alikaa kibarazani, ubavuni mwa hoteli, akishona kanzu na kaptula, na kila neno lililosemwa ndani lilimfikia kwanza yeye. Baba yake alikuwa mpagazi kutoka Unyamwezi aliyefika Mbulu, akatua mzigo, akakataa kuuinua tena. Bashiri alirithi tabia hiyo ya kupenda utulivu. Mwanaamina alitoka Kondoa akiwa msichana, amefuatana na baba yake aliyefanya biashara ya chumvi na shanga. Binti yao wa pekee, Rukia, alikuwa ameolewa Katesh. Kwa hiyo nyumbani walibaki wawili, mmoja anasema na mwingine anasikiliza, na mara nyingi Bashiri, mguu ukiwa kwenye pedali, aliomba kimoyomoyo apate walau siku moja ya kimya. Hakuomba kwa ubaya. Aliomba kama mtu anayeomba mvua ipungue kidogo ili aanue nguo.

Mwaka ule hospitali ya misheni ilipofunguliwa Haydom, baada ya mvua za masika, kimya kilikuja.

Hakikuja kwa ghafla. Kwanza mtu aliingia hotelini na matope, akasubiri, hakusemwa. Kisha maandazi yakaanza kutoka mengine makubwa, mengine madogo, mengine yakiwa na unga mbichi tumboni. Mwanaamina aliamka kabla ya jogoo akabaki amelala macho wazi, akitazama dari. Chakula alikigusa kwa ncha za vidole, kama kitu cha mtu mwingine. Mwisho akawa analala mchana, uso umeelekea ukutani, na hoteli haikufunguliwa.

Kusema kweli, siku za kwanza Bashiri alifurahi. Alishona kanzu nzima bila kukatizwa. Alisikia ndege ambao hakujua kama wapo. Lakini ilipopita juma moja, alijikuta anasimamisha cherehani kila mara na kutega sikio, kama mtu aliyezoea kulala karibu na mto, na mto umekauka.

Akaingia ndani. "Mama Rukia, unaumwa wapi?"

"Siumwi."

"Umekasirika?"

"Sijakasirika."

"Basi una nini?"

"Sina kitu."

Baadaye sana ndipo Bashiri alipoelewa kwamba jibu lile lilikuwa la kweli tupu. Hakuwa na kitu. Hamu hakuwa nayo, hasira hakuwa nayo, njaa hakuwa nayo. Hata machozi yalikuwa yamemkauka.

Bashiri hakuwa mtu wa ugomvi, lakini alijua dawa moja ya kumwamsha mke wake, nayo ni kukosea. Akavaa viatu vya matope akapita juu ya mkeka mpya. Mwanaamina akasogeza miguu ili apite vizuri. Akamtilia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Mwanaamina akainywa yote, polepole, akarudisha kikombe. Bashiri akaona atoe silaha ya mwisho, ambayo katika maisha yao ya ndoa hakuwahi kuthubutu hata kuigusa. Kule karibu na kinu cha kusaga kulikuwa na mama mwingine mwenye hoteli, Juliana, ambaye Mwanaamina alisema makande yake hayafai hata kuzibia panya tundu. Bashiri akakohoa, akasimama karibu na mlango ili aweze kukimbia, akasema:

"Leo nimekula kwa Juliana. Yale makande, mke wangu, ni matamu kupita kiasi."

Mwanaamina akageuza uso kidogo. "Ndiyo," akasema. "Yule mama anajua kupika."

Bashiri alitoka nje akaegemea ukuta. Hapo ndipo alipoogopa hasa.

Mji nao ulikuwa umeanza kusema yake. Kwanza walisema Bashiri, mpole yule, amempa mkewe dawa ya kumfunga ulimi. Wanaume watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walifika kibarazani wakijifanya wana kaptula za kurekebishwa. Walitazama huku na huku, wakainama, wakanong'ona: "Bwana fundi, hiyo dawa uliipata wapi?" Bashiri aliwafukuza wote kwa futi ya kupimia nguo. Wengine walisema amerogwa na wivu wa biashara. Wengine walisema ni uvivu tu, wengine ni utu uzima, na bibi mmoja alisema ni kwa sababu ya kukalia jiwe la baridi.

Siku ya mnada likaja kundi la wafanyabiashara wa ng'ombe, mbele yao akiwa Gidahosh, Mdatoga mrefu kutoka tambarare za Hanang, mteja wa miaka yote. Alikuta Bashiri ameifungua hoteli na anahudumia mwenyewe. Bashiri alikuwa amejaribu kukaanga maandazi. Mteja mmoja alilitazama la kwake, akamrushia mbwa. Mbwa alilinusa, akaondoka nalo akalifukia.

Gidahosh alikaa kwenye benchi, fimbo yake ndefu imelala mezani kati ya vikombe. Akanywa chai yote bila raha.

"Fundi," akasema, "mimi nimetoka chini ya mlima na ng'ombe mpaka miguu imekufa ganzi. Nafika hapa, nakaa, nakunywa. Hakuna mtu ananiambia fimbo niiache nje. Sasa nitajuaje kwamba nimefika?"

"Anaumwa," Bashiri akasema.

"Anaumwa nini?"

"Sijui."

Gidahosh akasukuma kikombe kando. "Kwetu mtu akiwa hivyo, haachwi peke yake," akasema. "Watu wanakaa naye. Hata asiposema, wanakaa." Akainuka, akaingia uani, akakaa kwenye kigoda nje ya mlango wa Mwanaamina, akakaa hapo mpaka ng'ombe wake wakaanza kuingia shamba la watu.

Mwalimu Abdulrahmani wa chuo cha Kurani naye aliitwa. Alikuwa mzee wa ndevu chache na maneno machache. Alisoma, akaandika kombe, aya za Kurani, kwenye sahani nyeupe kwa zafarani, akalisuuza, Mwanaamina akalinywa kwa utii. Mwalimu aliutazama ule utii, akatikisa kichwa. Mwanamke huyu aliwahi kumwambia mbele ya msikiti kwamba watoto wa chuo chake wanaiba maandazi kwa bidii kuliko wanavyosoma.

Alipotoka uani alimshika Bashiri mkono. "Mimi nitaendelea kumsomea. Lakini mama huyu amekonda, na dua haimkatazi mtu kupimwa. Mpeleke Haydom."

"Shekhe, ile ni hospitali ya wamisheni."

"Watampima damu, Bashiri. Hawatampima dini."

Basi walipanda lori la Tomaso, lililokuwa linakwenda kuchukua mahindi upande ule. Tomaso alikuwa dereva hodari na mtu mwenye huruma, na huruma yake ndiyo iliyowatesa njia nzima. "Mama, changamka!" alipiga kelele kupitia dirisha la nyuma. "Mimi nikiwa na mawazo naimba tu, yanaondoka!" Akaimba. Aliimba kutoka Dongobesh hadi Maretadu, na abiria mmoja, ambaye hakuwa na huzuni yoyote alipopanda, aliomba kushushwa kabla ya kufika kwake. Mbele kidogo lori lilikwama kwenye tope jeusi. Wanaume wakateremka kusukuma. Bashiri aliweka bega, akavuta pumzi, magurudumu yakachomoka topeni, lori likaondoka, naye akabaki amelala kifudifudi pale lilipokuwa. Aliposimama alikuwa na macho mawili tu meupe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bashiri alimtazama mkewe juu ya magunia. Mwanaamina alikuwa anatazama mbali, kwenye vilima, wala hakuwa ameona.

Haydom wakati ule ilikuwa nyumba chache mpya katikati ya nyika, na watu wengi wamekaa kwenye majani wakisubiri zamu. Bashiri na mkewe walipokewa na nesi mmoja Mwiraki, msichana mwembamba aliyevaa kitambaa cheupe kichwani, jina lake Kornelia. Kornelia alikuwa na heshima kubwa, na heshima hiyo ndiyo iliyomtisha Bashiri kuliko chochote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, shikamoo. Una shida gani?"

"Shida yake," Bashiri akasema, "ni kwamba halali wala hali, na—"

"Shikamoo, baba," Kornelia akasema tena.

"Marahaba."

"Mgonjwa ni wewe?"

"Hapana, ni mke wangu, ila mimi ndiye ninayejua—"

"Naomba unisaidie, baba yangu. Nyamaza."

Daktari, Mzungu wa misheni, alimpima Mwanaamina kwa utaratibu: macho, shingo, tumbo, moyo, damu. Aliuliza kuhusu homa, kuhusu uzazi, kuhusu hedhi. Kisha akasema, naye Kornelia akafafanua pale ambapo Kiswahili cha daktari kilikwama, kwamba hakuona malaria wala minyoo wala uvimbe. Damu imepungua kidogo tu kwa sababu ya kutokula.

Bashiri aliruka kwa furaha. "Basi haumwi! Mama Rukia, umesikia? Inuka twende!"

"Shikamoo, baba," Kornelia akasema.

Bashiri alikaa chini kabla ya kuitikia.

"Hatukusema haumwi. Tumesema hatukuona kwenye damu. Upo ugonjwa wa huzuni, baba. Si huzuni ya msiba. Ile ya msiba mtu analia, anakula kidogo, anacheka kidogo, siku zinamrudisha. Hii inashika usingizi, inashika chakula, inashika nguvu za mikono, halafu inaingia kwenye mawazo na kumwambia mtu kwamba hafai. Wakati mwingine inaanza na jambo, wakati mwingine inakuja tu. Si uvivu. Si kiburi. Na inatibika, ila si kwa siku moja."

"Lakini akijikaza kidogo—"

"Mtu wa malaria akitetemeka, ukimwambia ajikaze, ataacha kutetemeka?"

Bashiri alifikiri. Aliwahi kumwambia mtu hivyo. Hakuacha.

Kornelia akavuta kigoda, akakaa karibu na Mwanaamina, magoti yao yanakaribia kugusana. Alinyamaza naye kwanza. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya kuulizia kikohozi: "Mama, umewahi kutamani kwamba ukilala usiamke?"

"Mwanangu!" Bashiri alisimama. "Usimfundishe!"

"Kuuliza hakumfundishi, baba. Kama wazo hilo lipo, lilikuwapo tayari. Tusipouliza, anabaki nalo peke yake."

Mwanaamina alikuwa anatazama mikono yake. Bashiri alingoja aseme hapana. Alikuwa na hakika atasema hapana.

"Ndiyo," Mwanaamina akasema. "Asubuhi nyingi."

Halafu, kwa sauti ndogo ambayo Bashiri hakuwahi kuisikia kwake, akasimulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kule Kondoa, yeye akiwa msichana mdogo, mama yake naye alinyamaza. Watu walisema ana laana. Walimfungia chumba cha nyuma, na Mwanaamina ndiye aliyempelekea uji, akiupitisha dirishani, bila kuruhusiwa kuingia. Mama yake hakutoka tena mle akiwa hai.

"Asubuhi moja niliinua birika nikaona limekuwa zito," akasema. "Birika lile lile. Nikajua kimya cha mama kimenifuata. Nikasema nisimwambie mtu, wasije wakanifungia."

Bashiri akakaa chini tena. Miaka yote ile alidhani anamsikia mke wake, kwa kuwa alisikia kila alichosema. Aliangalia viatu vyake, vilivyokuwa bado na tope la njiani, na tope lile likaanza kufifia machoni pake kwa machozi.

"Hapa hatufungi mlango," Kornelia akasema. "Na mama yako hakuwa na laana. Alikuwa mgonjwa kama wewe, hakupata mtu wa kumwuliza."

Wakalazwa, maana kule, mgonjwa akilazwa na jamaa yake analazwa, ila jamaa analala kwenye mkeka na kupika mwenyewe. Daktari alisema waziwazi kwamba kwenye kabati lake hakuna kidonge kimoja cha kuondoa ugonjwa ule. Alitoa vidonge vya kumsaidia kulala siku za mwanzo tu, na dawa ya kuongeza damu. Mengine yote yalikuwa kazi. Kila asubuhi Kornelia alimwamsha kwa saa ile ile, atake asitake. Akanawa, akakaa juani, akanywa uji japo vijiko vichache. Kisha walitembea, siku ya kwanza mpaka kwenye uzio, halafu mpaka kisimani, halafu mpaka kwenye kilima kidogo na kurudi. Na kila siku Kornelia, au daktari, alikaa naye akamsikiliza, hata siku ambazo hakukuwa na cha kusikiliza. Vitu vya hatari, kamba na visu, Bashiri aliambiwa aviweke mbali, na asimwache peke yake muda mrefu.

Bashiri naye alipewa masharti yake, na yalikuwa magumu kuliko ya mgonjwa. Alikatazwa kusema "changamka". Alikatazwa kusema "jikaze". Alikatazwa kusema "wenzako wana shida kubwa kuliko wewe", sentensi ambayo alikuwa ameiandaa tangu Dongobesh.

"Na 'pole' je?" aliuliza kwa unyonge.

"'Pole' unaweza."

Bashiri akashika hilo moja. Alisema pole asubuhi, akasema pole akileta maji, akasema pole mkewe akigeuka, mpaka mwanamke wa kitanda cha pili, aliyevunjika mguu, akaomba naye aambiwe walau mara moja. Kornelia akaja. "Shikamoo, baba," akasema, na Bashiri akajua hata pole imekwisha.

Kwa hiyo alijifunza kukaa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona koti. Alikaa kando ya kitanda, mikono kwenye magoti, maneno yamemjaa shavuni kama karanga. Siku nyingine alijikuta ameshika ncha ya shuka la mkewe na kukagua pindo lake, kwa kukosa la kufanya, na Mwanaamina alimwacha aishike.

Jikoni ndiko alikopata tabu. Jiko la jamaa wa wagonjwa lilikuwa banda refu lenye mafiga mengi, na karibu wote mle walikuwa wanawake, Wairaki na Wadatoga. Walimpa nafasi kwenye kona yenye moshi, wakaacha kazi zao ili wamtazame. Alipopuliza moto, moto ulizimika. Aliposonga ugali, mwiko ulisimama wima katikati, na mama mmoja aliuliza kwa upole kama anajenga nyumba.

Siku zikapita, wiki zikaanza kuhesabika. Mwanaamina alianza kulala mpaka mapambazuko. Alianza kumaliza uji. Kornelia akasema sasa apewe kazi ndogo ya mikono, akachague maharage pale jikoni kwa muda mfupi, akichoka arudi. Mwanaamina akaenda, akakaa kwenye kona ya moshi, akachagua maharage moja moja kama mtu anayesoma herufi asizozijua. Kesho yake pia. Siku nyingine tena.

Asubuhi hiyo Bashiri alikuwa ameinjika chungu cha maharage, na kwa kuwa alisikia kwamba magadi huyalainisha, alitia magadi. Akaona hayatoshi, akatia mengine. Povu likapanda, likafurika, likazima moto wake na wa jirani. Maharage yakageuka rangi ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwenye chakula.

"Baba Rukia."

Bashiri aligeuka, mwiko mkononi.

Mwanaamina alikuwa anakitazama chungu. "Hayo maharage yalikukosea nini?"

Bashiri akauweka mwiko chini. Machozi yalimshuka mpaka kwenye ndevu, akasema ni moshi, na wanawake wote, kwa fadhila zao, wakakubaliana kwamba moshi wa siku hiyo ni mbaya sana.

Alikimbia kumtafuta Kornelia. "Amepona! Amenisema! Kwa mdomo wake!"

Kornelia alitabasamu, jambo ambalo Bashiri hakujua kama analiweza. "Nimefurahi, baba. Lakini kesho anaweza kulala tena. Ukiona hivyo usivunjike moyo, wala usimlaumu."

Na kweli, kesho yake Mwanaamina alielekea ukutani tena, na keshokutwa pia. Bashiri alikaa kando ya kitanda, akavumilia. Siku iliyofuata akainuka, akanawa, akaenda jikoni, akasema neno moja kuhusu jinsi Bashiri anavyoshika kisu. Ndivyo ulivyorudi uzima wake: mbele, nyuma kidogo, mbele. Walipoondoka Haydom alikuwa hajawa yule wa zamani, lakini alikuwa anakula, analala, na alipopanda lori la Tomaso alimwuliza kama huo wimbo una mwisho.

Nyumbani waliendelea na masharti ya Kornelia. Kila asubuhi walitembea pamoja mpaka kijito na kurudi, na watu wa Dongobesh, ambao hawakuwahi kuona mume na mke wakitembea bila kwenda popote, walisimama milangoni. Hoteli ilifunguliwa kwa chai peke yake. Maandazi yakafuata baada ya mwezi. Siku ya mnada Gidahosh aliingia, akainamia mlango, akakaa, akaweka fimbo mezani kwa makusudi kabisa. Mwanaamina alimtazama muda. Watu wakaacha kunywa.

"Gidahosh, hiyo meza ni zizi?"

Gidahosh aliitoa fimbo nje akitembea kwa madaha kama bwana harusi.

Ugonjwa ule ulirudi mara moja tena, miaka kadhaa baadaye, wakati watu wote walipokuwa wanazungumzia Uhuru. Lakini safari hii Mwanaamina hakungoja. Asubuhi moja aliinua birika, akalirudisha chini, akatoka kibarazani. "Baba Rukia, kimeanza tena. Nitafutie lori." Alifunga mzigo wake mwenyewe, akafunga na wa Bashiri, na alirudi mapema kuliko mara ya kwanza. Jambo hilo hakulificha. Akiulizwa alikuwa wapi, alijibu kwamba alikuwa hospitali kwa ugonjwa wa huzuni, kama mtu anayesema alikwenda kung'oa jino. Wengine walishtuka. Wengine, hasa wanawake, walianza kupitia mlango wa nyuma wa hoteli na kukaa uani kwake, bila kuagiza chai.

Mmoja wa waliokuja hakuwa mwanamke. Alikuwa Gidamis, kaka yake Gidahosh, mtu wa mifugo mingi, aliyekuwa ameacha kuuliza hata kama ng'ombe wamekunywa maji. Gidahosh alimleta kwa kumshika mkono. Mwanaamina alimkalisha uani, akakaa naye asubuhi nzima bila kumwuliza lolote, wateja wakajimiminia chai wenyewe. Mchana alimwambia habari za mama yake wa Kondoa. Gidamis alikunywa nusu ya uji aliopewa. Alipokuja tena siku ya mnada uliofuata alisema atakwenda Haydom, kwa sharti moja: hapandi lori, na haendi bila dume lake jeusi, maana ndilo pekee ambalo bado anapenda kulitazama.

Gidahosh alianza kubisha kwamba hospitali si zizi. Mwanaamina akamnyamazisha kwa mkono.

"Aende na dume. Aende kwa miguu. Kutembea kutamfaa," akasema. Kisha akageukia kibarazani. "Na wewe, Baba Rukia, utawasindikiza. Unaijua njia, unamjua Kornelia, na hao wawili hawajui kupika."

Bashiri alitaka kusema kwamba hata yeye hajui. Alimtazama mke wake, akaacha cherehani, akainuka. Waliondoka asubuhi hiyo hiyo kuelekea Maretadu: dume jeusi mbele, Gidamis nyuma yake ameshika mkia, Gidahosh akiongea peke yake kwa Kidatoga, na mwisho kabisa fundi cherehani, sufuria kichwani na viatu mkononi, kwa kuwa Mwanaamina alikuwa amesimama barabarani akimwambia kwa sauti, mpaka walipopotea kwenye kona, kwamba viatu vile ni vipya na barabara ile ina matope.